Kitambaa cha Alhamisi

Mimi huosha vichwa vya watu. Ndiyo kazi yangu, hapa Kawangware, katika saluni ya mabati yenye sinki mbili na draya moja inayowaka inapojisikia. Wanawake huja, hulaza shingo zao kwenye ukingo wa sinki, hufumba macho, nami huwamwagia maji ya uvuguvugu na kuwasugua mpaka wengine wanasinzia. Nimewaosha maharusi, nimewaosha wafiwa, nimewaosha wanawake niliogombana nao asubuhi ileile. Kwa karibu mwaka mzima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye sikuthubutu kummwagia hata kikombe cha maji kichwani, na huyo alikuwa mama yangu.

Figo zake zilikuwa zimekataa kazi. Kila Jumanne na Ijumaa alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na damu hiyo ilitoka na kurudi kupitia mpira uliochomekwa chini ya shingo yake, upande wa kulia, ukashuka mpaka karibu na moyo. Mpira ule haukutakiwa kuguswa na maji. Mara mbili ulikuwa umeingiwa na vijidudu, na mara zote mbili mama alitetemeka kwa homa mpaka meno yakagongana, tukadhani tunampoteza. Tangu hapo tuliyaogopa maji kama watu wengine wanavyoogopa moto. Mama alikuwa anakaa kwenye kigoda mbele ya beseni, anajipangusa uso, kwapa na miguu, basi. "Nimeoga paspoti," alisema kila alipotoka bafuni, maana ndivyo watoto wa Nairobi wanavyomcheka mtu aliyeosha sehemu zinazoonekana tu. Alisema kwa mzaha. Lakini mama ni mtu wa Magharibi ya Kenya, alikulia karibu na mto, na mimi nilijua kwamba kuliko vyakula vyote alivyokatazwa hospitalini, kitu alichokitamani ni kumwagiwa maji tele kuanzia utosini.

Njia ya kuuondoa mpira ilikuwa mkono wake wa kushoto. Daktari alikuwa ameupasua juu kidogo ya kifundo, akaunganisha mshipa unaoleta damu kutoka moyoni na ule unaoirudisha, ili huu wa pili unenepe, upate nguvu ya kuchomwa zile sindano nene za mashine wiki baada ya wiki. Mshipa ukikomaa, mpira unatolewa. Usipokomaa, mpira unabaki palepale na vijidudu vinangoja zamu yao. Tulifundishwa kuweka kiganja juu ya kovu kila asubuhi. Ndani panatakiwa pawe na mtetemo, kama simu inayoita ikiwa mfukoni. Tuliambiwa pia mkono huo usibebe mzigo, usivae saa wala bangili, usipimwe presha, usilaliwe. Mama aliitikia kila sharti kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri, nami nikajua hapo hapo kwamba kuna moja atakalolivunja.

Miezi ikapita, mshipa ukabaki mwembamba. Mtetemo ulikuwapo lakini ulikuwa wa kubembelezwa. Siku moja daktari akatuita, akasema wanaweza kumpasua mkono wa pili na kuanza upya, au kwanza tujaribu mashine nyingine waliyokuwa wakiifanyia majaribio pale: mawimbi ya sauti, yale yale ya kupiga picha mtoto tumboni, ila haya ni ya kutibu, yanaelekezwa kwenye mshipa ili kuuchangamsha upanuke. Hakutuahidi kitu. Alisema waziwazi kwamba huenda yakasaidia na huenda yasisaidie, na kwamba mama ana haki ya kukataa. Nilimpenda kwa hilo. Mimi sipendi watu wa kuahidi.

"Inauma?" mama akauliza.

"Haiumi kabisa."

Mama akanigeukia. "Dawa isiyouma ni dawa kweli?"

Lakini alikubali, na tangu hapo, kila siku yake ya hospitali, kabla ya kulazwa kwenye mashine ya figo, tulipitia kachumba kadogo mwisho wa ukumbi. Kulikuwa na msichana mmoja aliyeiendesha mashine hiyo, mpole, mwenye mikono ya baridi. Mama alimwita daktari, na msichana akachoka kumwambia kwamba yeye si daktari. Alikuwa anapaka jeli kwenye mkono, anaweka juu yake kile kichwa cha mashine kilicho kama kitako cha kikombe, anakishikilia. Basi. Hakuna sauti, hakuna joto la maana. Mama alikaa ameukodolea macho mkono wake kama mtu anayengoja chai ichemke.

Nilianza kuhesabu dalili njema. Jumanne msichana aliweka kidole kwenye kovu, akatabasamu: mtetemo umepanda. Ijumaa akaweka kidole tena na tabasamu likakosekana. Jumanne iliyofuata umepanda. Ijumaa umeshuka. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, Jumanne furaha, Ijumaa kimya, mpaka nikaanza kuichukia Ijumaa yenyewe.

Ijumaa moja msichana aliuinua mkono wa mama karibu na dirisha. Kulikuwa na mstari mwembamba umezunguka juu ya kovu, kama alama ya soksi iliyobana.

"Mama, unavaa saa?"

"Sina saa."

"Bangili?"

"Mimi ni mtu wa wokovu. Bangili ya nini?"

"Basi umelalia kitu?"

"Labda nimelalia," mama akasema, na akaangalia pembeni. Ninamjua mama yangu. Akisema ukweli anakutazama mpaka unaona aibu wewe. Msichana akatuambia, kwa upole wake ule, kwamba chochote kinachoubana mkono huo kinaweza kuigandisha damu ndani, na ikiganda, mshipa umekufa, na mawimbi hayafufui.

Sikumwuliza mama kitu. Nilirudi kazini, nikasuka, nikaosha, nikawafokea wasichana wangu wa saluni bila sababu. Alhamisi iliyofuata, maana mkono ulikuwa ukiharibika kabla ya kila Ijumaa, niliwaachia funguo mchana na kwenda kwa mama, Soweto East kule Kibera, bila kumwambia mtu.

Mama anakaa kwenye yale maghorofa ya serikali, orofa ya kwanza, juu ya pale alipokuwa akiuzia mandazi zamani akiwa na nguvu. Nilisikia kuimba tangu kwenye ngazi. Alhamisi, kumbe, ndiyo siku kina mama wa kanisa lake walipopita nyumba za wagonjwa. Nilijua huwa wanakuja, sikujua siku. Nilidhani wanaimba, wanakunywa chai, wanaondoka. Mlango ulikuwa wazi.

Walikuwa watano, wamevaa sare zao nyeupe, na mama katikati kwenye kiti. Na mikono yote, yote, ilikuwa imeukamata mkono wake wa kushoto. Si kuuwekea tu mikono. Kuukamata. Kiongozi wao wa maombi, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya reli, alikuwa ameuzungushia vidole vyake na kuukamua kwa kila neno: "Mshipa, funguka! Mshipa, legea! Funguka sasa!" Wengine wakakamua naye. Mama amefumba macho, uso umetulia. Halafu kiongozi akatoa kitambaa cheupe, kimeombewa madhabahuni, akakifunga juu ya kovu, akavuta fundo likakaza.

 Nilipita katikati yao na viatu vyangu, nikapiga magoti, nikalifungua fundo lile kwa meno.

"Dada, hicho kimeombewa," kiongozi akasema.

"Na kinamuua!" nikasema. "Mnajua mnachofanya nyinyi? Mnamkaba! Kila Ijumaa tunaenda pale mkono umelala, kumbe ni nyinyi!"

 Mmoja alianza kulia. Nilikuwa na mengine ya kusema, na mimi mdomo wangu ukishaanza hauna breki, ila mama alifumbua macho na kuniambia kwa sauti ya chini, "Toka nje."

"Mama—"

"Nimesema toka. Hii ni nyumba yangu."

Nikatoka. Nilisimama kwenye baraza ya ngazi nikitazama mabati ya Kibera chini na maghorofa ya Nyayo Highrise kule juu, na kile kitambaa kiko mkononi mwangu. Nilikuwa na hasira bado, na sijutii ile hasira hadi leo. Ningekikuta tena ningekifungua tena. Wakatoka mmoja mmoja bila kuniangalia. Wa mwisho alikuwa kiongozi. Alisimama mbele yangu akahema.

"Tulidhani umefungwa," akasema. "Alituambia mshipa umekataa kufunguka. Sasa sisi tungefanya nini?" Akashuka ngazi.

Nilirudi ndani nikiwa tayari kwa vita. Mama alikuwa ameuweka mkono wake kwenye mapaja, anausugua polepole kwa kidole gumba.

"Ulijua," nikamwambia. "Msichana alikuuliza na ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini, mama? Unataka huo mpira ukae hapo mpaka ukuue?"

Aliacha kuusugua mkono. Halafu akasema, "Tangu niwekewe huu mpira, ni nani ananishika? Wajukuu wanaambiwa, usimguse nyanya. Wewe ukija unanisalimia na ncha za vidole, unanitazama kama yai. Kule hospitali wananigusa na glavu. Hawa wanakuja Alhamisi, wananishika, nasikia nimeshikwa. Inauma, ndiyo. Nikafikiri, afadhali."

 Kutwa nzima mikono yangu imo katika vichwa vya watu nisiowajua, ninajua nani ana kidonda nyuma ya sikio na nani ananyonyoka nywele kwa mawazo. Nilikuwa sijamshika mama kichwa tangu siku ya mpira. Nilivuta kigoda nikakaa nyuma yake, nikamvua kitambaa cha kichwa. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe zote, fupi, kavu kama majani ya kiangazi. Sikuwa na maji ya kumwagia, basi nilipaka mafuta kwenye viganja nikamkanda ngozi ya kichwa, kutoka paji la uso hadi kisogo, mbali na ule mpira. Mama alilia kidogo. Mimi nililia zaidi. Tulikaa hivyo mpaka chai ya wageni ikapoa mezani.

Kesho yake hospitalini, nani tukamkuta kwenye benchi nje ya kachumba? Kiongozi wa maombi. Amevaa sare, ameukumbatia mkoba wake.

"Nimekuja kuona hiyo mashine," akasema, bila kunisalimia.

Nilitaka kusema kitu cha ukali. Mama akanikanyaga mguu. Tukaingia wote, chumba kikajaa. Msichana alisikia kisa chote kutoka kwa mama mwenyewe, kila kitu, hadi fundo, na hakumkaripia mtu. Alipaka jeli, akachukua kifaa kingine kidogo, kile cha kusikilizia, akakiweka juu ya mshipa na kuongeza sauti.

Vuu. Vuu. Vuu.

Sauti ikajaza chumba. Kiongozi alishika mdomo.

"Ni nini hiyo?"

"Ni damu yake, mama," msichana akasema. "Ndiyo inapita. Sauti iko chini leo, lakini inapita."

"Inapita? Hakuna mahali imefungwa?"

"Imefunguka siku nyingi. Tunangoja tu njia ipanuke. Ukiubana, unaizuia."

Kiongozi alisimama akisikiliza, kichwa ameinamisha upande. Nilimwona akielewa, na nilimwonea huruma, maana uso wake mpana wote ulianguka. Akamgeukia mama. "Dada, nilikuwa nakukaba."

"Ulikuwa unaniombea," mama akasema.

"Sasa tukushike wapi?"

Swali hilo halikuwa la mama, alimwuliza msichana, na aliliuliza kama mtu anayeuliza namna ya kumeza dawa. Msichana akafikiri. "Mshike mkono wa kulia mpaka mchoke. Mabega pia, mgongo pia. Huu wa kushoto mwekeeni kiganja tu. Mkihisi unatetemeka, mjue yuko sawa. Msipohisi kitu, mnipigie simu hapo hapo."

Alhamisi iliyofuata nilikwenda tena, safari hii nimealikwa. Kiongozi aliwapanga wenzake kwa zamu, akamwonyesha kila mmoja: kiganja wazi, bila uzito, kama unavyogusa unga wa mandazi kuona kama umeumuka. Wote wale wamewahi kukanda unga, walielewa mara moja. Mmoja mmoja waliweka viganja, na kila aliyehisi ule mtetemo alisema "Eh!" na kurudisha mkono kifuani. Waliimba wimbo mmoja wa polepole. Mmoja akamkanda mama mgongo muda wote wa sala. Kitambaa nilikuwa nimekifua na kukipiga pasi, nikakirudisha. Kiongozi alikifunga kwenye kishikio cha mkoba wa mama wa hospitali, na hapo kikakaa.

Ijumaa ile msichana aliweka kidole kwenye kovu, akakaza macho, akaita mwenzake naye aje aguse.

Sitasema ni nini kilichofanya kazi. Nimewauliza wote. Kiongozi ana jibu lake na analisema kwa sauti kubwa. Msichana anasema pengine ni mawimbi. Mimi kwa upande wangu nasema ni kufunguliwa lile fundo. Daktari, nilipombana kwenye ukumbi, alicheka akasema wagonjwa wengine hupata nafuu na wengine hawapati, kwamba mshipa mwingine huchelewa tu kisha ukaja wenyewe, na kwamba ndiyo maana bado wanaijaribu hiyo mashine. Tulikuwa tukiwajua wengine wawili pale ukumbini waliopakwa jeli ileile na mikono yao ikakataa. Hilo nalikumbuka kila ninapotaka kujisifu. Lakini mshipa wa mama ulinenepa. Uliinuka chini ya ngozi, ukajipinda kama kamba ya viatu, na mtetemo wake ukawa unausikia hata ukimshika kiwiko.

Siku ya sindano za kwanza alinishika kwa mkono wa kulia mpaka kucha zikaniingia. Damu ikaenda, ikarudi, mashine haikulia kengele ya hatari hata mara moja. Walirudia hivyo kwa majuma kadhaa mpaka wakawa na uhakika. Ndipo wakautoa mpira. Mama aliomba auone. Aliutazama kwenye sahani ya chuma, akasema, "Kitu chembamba hivi."

Tukangoja kidonda kikauke. Nilikuwa na haraka kuliko yeye. Daktari aliposema sasa ni sawa, maji yanaruhusiwa, nilimleta Kawangware siku ya Jumatatu asubuhi, siku isiyo na wateja wengi. Wasichana wangu walikuwa wamefagia na kuweka maji motoni bila kuagizwa.

"Sasa, matha!" mmoja akamwambia. "Leo ni siku yako. Uko fiti?"

"Niko fiti," mama akajibu, na wasichana wakacheka mpaka wakashikana.

Nilimkalisha, nikamfunga taulo mabegani. Aliulaza mkono wa kushoto kwenye mkono wa kiti, kiganja juu, na nikaweka wangu kidogo kwenye kovu, kwa mazoea. Ulikuwa unatetemeka. Alilaza shingo kwenye ukingo wa sinki na nikaona pale chini ya shingo, palipokuwa na bandeji mwaka mzima, alama ndogo nyekundu, kavu, imefungika.

Nikachukua jagi. Nilipima maji na kiwiko kama wanavyopimiwa watoto wachanga. Nikainua jagi, na mkono wangu, unaofanya kazi hii tangu nikiwa msichana, ukakataa kuinama. 

Mama alifumbua jicho moja.

"Unangoja nini?"

"Naogopa," nikasema.

"Mimi siogopi. Mwaga."

Nikamwaga. Maji yalipita kwenye mvi, yakashuka nyuma ya masikio, yakaizunguka shingo na kupita juu ya ile alama, yakaingia hadi ndani ya taulo, na mama hakujifuta. Alifumba macho, mdomo wazi kidogo. Jagi likaisha.

"Ongeza," akasema. "Leo si paspoti."